Mtunzi aanzie pale mchoraji alipoishia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu hoja iliyotolewa hivi karibuni katika kurasa zenu za utamaduni, kwamba muziki uliotungwa kutokana na mchoro wa kihistoria hauwezi kusimama kwa miguu yake: ama unaigiza kwa kelele kile ambacho macho yamekwisha kukiona, ama umejitwalia jina la mchoro maarufu ili upate wasikilizaji ambao usingewapata kwa uwezo wake. Mwandishi aliieleza hoja hiyo kwa adabu na kwa ufasaha, na sehemu yake moja ina ukweli mchungu ambao sisi tunaofundisha utunzi tunaujua vizuri. Hata hivyo hitimisho lake si sahihi, na nimeona nisinyamaze, kwa sababu wapo vijana wanaoanza kutunga ambao wakiisoma wataiacha njia iliyozaa baadhi ya kazi nzito kabisa za piano na okestra katika kipindi cha karibu miaka 200 iliyopita.

Nianze na ule ukweli mchungu. Mwanafunzi akipewa mchoro wa vita, jambo la kwanza analoandika ni ngoma na tarumbeta. Akipewa mchoro wa mfalme akitawazwa, anaandika maandamano mazito ya ala za shaba. Akipewa mchoro wa bahari, kinubi kinaanza kupanda na kushuka. Muziki wa namna hiyo hautokani na mchoro hata kidogo, bali unatokana na maelezo yaliyobandikwa chini yake, na ungeandikwa vilevile hata kama mchoraji angekuwa mwingine, rangi zikawa nyingine na watu wote wakageuziwa upande wa pili. Hapo ndipo ninapoiweka hoja yangu yote. Mtunzi anayeanzia kwenye mchoro atunge kutokana na jinsi mchoro ulivyojengwa, yaani mwanga unatoka wapi, jicho linaongozwa kwenda wapi, mtazamaji amesimamishwa umbali gani, na nini kimeachwa nje ya fremu. Kisha aongeze kile ambacho mchoraji, kwa asili ya sanaa yake, hakuweza kukitoa, nacho ni muda.

Tofauti hiyo kati ya sanaa ya mahali na sanaa ya muda ilikwisha kujadiliwa zamani. Leonardo da Vinci aliuweka muziki chini ya uchoraji kwa sababu, kwa maoni yake, sauti hufa mara tu inapozaliwa ilhali mchoro hubaki. Gotthold Ephraim Lessing, mwandishi wa Kijerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1766 kuhusu mipaka ya uchoraji na ushairi, alieleza kwamba mchoraji ana dakika moja tu ya tukio, kwa hiyo hana budi kuichagua ile dakika iliyobeba mimba ya yaliyotangulia na yatakayofuata. Lessing alikuwa akilinganisha wachoraji na washairi, wala si watunzi wa muziki, lakini sijapata kuona maelezo yanayomfaa mtunzi wa muziki kuliko hayo. Mchoraji amekuachia dakika moja iliyojaa. Kazi yako ni kuamua kama utaikunjua kurudi nyuma, kuisukuma mbele, au kukaa ndani yake mpaka msikilizaji ahisi uzito wake. Yale ambayo Leonardo aliyaona kuwa udhaifu wa muziki ndiyo yanayoupa nafasi pale uchoraji unapoishia.

Tuchukue kwanza kazi inayojulikana kuliko zote. Viktor Hartmann, msanifu majengo na mchoraji wa Urusi, alifariki mwaka 1873 akiwa na umri wa miaka 39. Mwaka uliofuata, kwa juhudi za mhakiki Vladimir Stasov, kazi zake zipatazo 400 zilionyeshwa St. Petersburg, na rafiki yake Modest Mussorgsky, mtunzi wa muziki, ambaye mwenyewe aliazimisha maonyesho hayo picha mbili alizokuwa amepewa na marehemu, akaandika mwezi Juni 1874, kwa muda wa wiki tatu hivi, mfululizo wa vipande vya piano unaoitwa Picha za Maonyesho. Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni kwamba kipande cha kwanza hakihusu picha yoyote. Ni mahadhi ya mtu anayetembea ukumbini, na hesabu yake inabadilika kati ya mapigo matano na sita, kwa hiyo hatua zake hazilingani kama za askari. Ni hatua za mtu anayesogea, akavutwa na kitu, akasita, akaendelea. Mussorgsky alimwandikia Stasov kwamba sura yake mwenyewe inaonekana katika vipande hivyo vya kutembea, vinavyorudi kati ya picha na picha. Maana yake ni kwamba kabla ya kutuonyesha picha hata moja alikwisha kumweka mtazamaji ndani ya muziki, na mtazamaji ndiye mtu pekee ambaye hakuna picha iliyokuwamo ukumbini ingeweza kumwonyesha.

Mtembezi huyo hakai nje hadi mwisho. Katika picha ya mahandaki ya makaburi ya Paris, Hartmann alijichora mwenyewe akiwa chini ya ardhi pamoja na mwenzake na kiongozi wa njia mwenye taa. Mussorgsky anaipokea picha hiyo kwa sauti nzito zinazosimama na kukatika, karibu hazina mahadhi, halafu, pale ambapo mtunzi wa kawaida angehamia picha nyingine, anayarudisha yale mahadhi ya kutembea, safari hii taratibu na kwa huzuni, juu ya sauti nyembamba zinazotetemeka. Pembeni ya mswada aliandika kwamba roho ya Hartmann inamwongoza kuelekea kwenye mafuvu, na mafuvu yanaanza kung'aa kwa ndani. Rafiki aliye hai ameingia katika mchoro kumfuata rafiki aliyekufa. Sidhani kama mtu anaweza kuuita huo uigaji wa kile kilichokwisha kuonekana, maana kwenye karatasi ya Hartmann jambo hilo halikuwapo wala lisingeweza kuwapo.

Katika kazi hiyohiyo kuna funzo jingine, dogo kwa ukubwa, ambalo ningependa kila mwanafunzi wa utunzi alijue. Kuna kipande kuhusu gari kubwa la kukokotwa na maksai. Katika mswada wa Mussorgsky kipande hicho kinaanza kwa sauti kubwa sana tangu noti ya kwanza: gari liko mbele ya uso wako, magurudumu yanakwaruza, nawe huna pa kukimbilia. Kazi hiyo ilipochapishwa mwaka 1886, miaka mitano baada ya kifo cha mtunzi, Nikolai Rimsky-Korsakov aliyeihariri aliibadilisha alama hiyo ili kipande kianze kwa sauti ndogo na kukua polepole, yaani gari linakuja kutoka mbali. Mtunzi wa Ufaransa, Maurice Ravel, alipoiandikia okestra mwaka 1922, kwa ombi la kiongozi wa okestra Serge Koussevitzky, alifuata toleo hilo lililohaririwa, na ndiyo sababu wasikilizaji wengi duniani wanalijua gari linalotokea upeoni. Alama moja ya ukubwa wa sauti imemhamisha mtazamaji kutoka kando kabisa ya njia hadi mbali mashambani. Mimi nasimama na Mussorgsky, kwa sababu gari lililo mbele ya macho lina uzito wa maisha ya wakulima ambao gari linaloonekana kwa mbali halina. Lakini hata asiyekubaliana nami ataona kwamba swali lenyewe, la mtazamaji amesimama wapi, ni swali la uchoraji lililojibiwa kwa njia za muziki.

Picha nyingi za maonyesho yale zimepotea, ikiwamo hiyo ya gari. Lango kuu la Kiev, ambalo Hartmann alilichora kwa ajili ya ukumbusho wa kunusurika kwa mfalme Alexander wa Pili katika jaribio la kumuua la mwaka 1866, halikujengwa kamwe. Muziki wa kusifia lango hilo unaendelea kupigwa katika kumbi kubwa na ndogo, na wanaoushangilia hawajapata kuona hata mstari mmoja wa ramani yake. Kama muziki wa aina hii usingekuwa na miguu yake yenyewe, ungelala siku ileile picha zilipotawanyika.

Mfano wa pili ni wa mtunzi wa Urusi, Sergei Rachmaninoff. Mchoraji wa Uswisi, Arnold Böcklin, alichora matoleo matano ya Kisiwa cha Wafu kati ya mwaka 1880 na 1886: maji yaliyotulia, mwamba mrefu, miti myeusi ya mivinje, na mtumbwi mdogo unaokaribia ukiwa na jeneza pamoja na mtu aliyesimama amevikwa nguo nyeupe. Rachmaninoff aliuona mchoro huo Paris mwaka 1907, na alichokiona kwanza kilikuwa nakala isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe tupu. Baadaye alipouona mchoro wenye rangi haukumgusa vile, na alisema kwamba kama angeanza na huo huenda asingeandika chochote. Muziki wake, uliopigwa kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1909, unaanza kwa hesabu ya mapigo matano, mawili na matatu, yanayogeuzwageuzwa bila kukoma, nayo ni pigo la kasia ambalo halipati usawa. Böcklin alichora mtumbwi uliosimama kwa sababu mchoro hauna jinsi nyingine; Rachmaninoff aliona kwamba katika mandhari yote ile iliyokufa kuna kitu kimoja tu chenye mwendo, akakitwaa hicho kimoja na kuacha mengine yote yategemee juu yake.

Kisha akafanya jambo la ujasiri zaidi. Katikati ya kazi yake aliweka sehemu yenye joto na haraka, ya mapigo matatu, ambayo mtu anaweza kuutafuta mchoro wote asiione. Alimweleza kiongozi wa okestra Leopold Stokowski kwamba sehemu hiyo haimo katika picha, kwamba ni nyongeza juu ya picha, na kwa hiyo lazima itofautiane kabisa na nyingine zote, iwe na kasi na hisia zaidi. Nyongeza hiyo ni uhai unaokumbukwa na yule aliye ndani ya jeneza, au ndivyo ninavyousikia mimi, kabla wimbo wa kale wa Kilatini wa siku ya hukumu haujaufunika. Mtunzi aliyekuwa mateka wa mchoro asingethubutu kuongeza dakika hizo. Alithubutu kwa sababu alikuwa ameusoma mchoro kwa makini kiasi cha kujua nini hasa hakimo.

Hadi hapa nimezungumzia michoro kwa ujumla. Mchoro unaoonyesha tukio la historia una ugumu wake wa ziada, nao ndio unaonifanya niandike barua ndefu kuliko nilivyokusudia. Ndani ya mchoro kama huo mna nyakati mbili tayari, wakati wa tukio na wakati wa mchoraji, na mtunzi anapoongeza wakati wake zinakuwa tatu. Mapigano ya mwaka 451 kati ya jeshi la Attila, mfalme wa Wahun, na majeshi ya Warumi pamoja na Wavisigothi yalitokea katika nchi ambayo leo ni Ufaransa. Wilhelm von Kaulbach, Mjerumani wa karne ya 19, hakuchora mapigano hayo. Alichora hadithi kwamba ghadhabu ilikuwa kubwa hata roho za waliouawa ziliinuka angani na kuendelea kupigana. Mtunzi Franz Liszt, aliyemaliza kazi yake ya okestra juu ya mchoro huo mwaka 1857, hakuandika mapigano ya 451 wala hakudai kuyajua. Aliandika vita vya Kaulbach, vita vya mizimu, na ndiyo maana aliagiza mwanzoni mwa kazi yake kwamba rangi yote ya sauti iwe ya giza na kwamba ala zote zisikike kama vivuli vya wafu.

Katika kazi hiyo msalaba uliomo ndani ya mchoro unapewa wimbo wa kale wa Kanisa unaotokea katika kinanda kikubwa, kwa utulivu, ghasia ya okestra ikikatwa ghafla na kurudi tena. Wapo wanaoiona sehemu hiyo kuwa rahisi mno, na kwa kweli mwisho wake wenye ushindi mkubwa haunishawishi hata mimi. Lakini lile wazo la mwanzo, kwamba chanzo cha mwanga katika mchoro kinaweza kuwa chanzo cha sauti ya aina nyingine kabisa katika muziki, lina manufaa hadi leo. Na kuna faida nyingine katika uaminifu wa Liszt: alijua kwamba anatunga juu ya maoni ya mtu kuhusu historia, si juu ya historia yenyewe. Wachoraji wa matukio makubwa walikuwa wakilipwa na wafalme, na makanisa, na serikali, na kila mmoja wa hao alikuwa na namna aliyopenda kukumbukwa. Mtunzi asiyeuliza mchoro uliagizwa na nani, uwekwe wapi, na utazamwe na akina nani, anaweza kujikuta anapiga tarumbeta za sifa kwa ajili ya mtu ambaye asingependa kumsifu.

Kazi inayolijibu swali hilo kwa undani kuliko zote ninazozifahamu ni sinfonia (kazi kubwa ya okestra yenye sehemu kadhaa) ya mtunzi wa Ujerumani, Paul Hindemith, kuhusu mchoraji Mathis, yaani Matthias Grünewald. Kati ya mwaka 1512 na 1516 hivi, Grünewald alichora mbao za altare ya watawa wa Mtakatifu Antonio huko Isenheim, ambayo sasa imehifadhiwa katika mji wa Colmar nchini Ufaransa. Watawa hao walikuwa wakiwauguza watu walioshikwa na ugonjwa mkali unaoletwa na nafaka iliyoota kuvu, ugonjwa uliochoma viungo kwa maumivu ya moto na kuwaacha wengi wakiwa vilema. Grünewald alichora kwa ajili ya wagonjwa hao. Mwili wa Kristo msalabani umejaa vidonda, na katika ubao wa majaribu ya Mtakatifu Antonio kuna kiumbe mwenye tumbo lililovimba na ngozi iliyooza, anayefanana na yeyote kati ya waliolala katika hospitali ile.

Altare hiyo ilikuwa na milango. Ikifungwa ilionyesha msalaba. Ikifunguliwa mara ya kwanza ilionyesha, pamoja na mengine, malaika wakimpigia ala Maria na mtoto. Ikifunguliwa mara ya pili ilionyesha sanamu za mbao zikiwa zimezungukwa na michoro ya Mtakatifu Antonio. Hindemith alichagua matukio matatu kwa sehemu tatu za sinfonia yake: tamasha la malaika, maziko ya Kristo, na majaribu ya Antonio. Ukiufikiria uchaguzi huo utaona jambo la ajabu. Mgonjwa aliyepiga magoti Isenheim hakuweza kamwe kuwaona malaika na majaribu kwa wakati mmoja, kwa sababu mlango uliofunua kimoja ulikificha kingine. Altare yenyewe, kwa hiyo, ilikuwa tayari na muda ndani yake, na ilitazamwa kwa zamu kama muziki unavyosikilizwa kwa zamu. Leo mbao zimetenganishwa na mtu anaweza kuzizunguka zote kwa matembezi mafupi. Ni sinfonia inayomrudishia msikilizaji ule mpangilio wa kusubiri, kwamba hiki kifungwe ndipo kile kifunguliwe.

Katika ubao wa majaribu, chini kwenye kona, Grünewald alichora karatasi ndogo yenye, kwa Kilatini, malalamiko ya Mtakatifu Antonio: ulikuwa wapi, Yesu mwema, ulikuwa wapi, mbona hukuwapo kuyaponya majeraha yangu. Hindemith aliyanukuu maneno hayo mwanzoni mwa sehemu ya tatu, halafu akaanza na ala za nyuzi zikiimba sauti moja, bila hesabu iliyofungwa, kama mtu anayeuliza na kungoja. Hakuna zimwi hata moja katika dakika hizo za mwanzo. Mtunzi mwenye haraka angeanza na mazimwi, kwa maana ndiyo yanayojaza ubao na ndiyo yanayovutia macho. Hindemith alianza na karatasi ndogo iliyo kwenye kona.

Tena tuangalie wakati wenyewe. Sinfonia hiyo ilipigwa Berlin mwezi Machi 1934, mwaka mmoja tu baada ya Wanazi kuingia madarakani, nayo ilikuwa sehemu ya maandalizi ya opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ambayo Hindemith alikuwa akiiandika juu ya Mathis katika miaka ya uasi wa wakulima wa 1524 na 1525, mchoraji anayejiuliza kama ana haki ya kuchora wakati watu wanakufa. Watawala walimpiga vita Hindemith, na Wilhelm Furtwängler, aliyeiongoza sinfonia ile, alimtetea mwezi Novemba mwaka huohuo kwa makala katika gazeti, kisha mwezi uliofuata akajiuzulu nyadhifa zake. Opera yenyewe haikupata jukwaa Ujerumani wakati ule. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1938. Mchoro wenye umri wa zaidi ya miaka 400 ulikuwa umempa mtunzi mahali pa kuuliza swali la siku zake ambalo hakukuwa na namna nyepesi ya kuliuliza waziwazi. Naomba mwandishi wenu alifikirie hilo anaposema kwamba watunzi wa aina hii wanatafuta hifadhi katika umaarufu wa wengine.

Nisingependa ifikiriwe kwamba ukali wa historia ndio unaofanya muziki wa namna hii uwe na thamani. Mtunzi wa Italia, Ottorino Respighi, katika kazi yake ya mwaka 1927 juu ya michoro mitatu ya mchoraji Botticelli, hakuwa na vita wala mateso ya kueleza, na bado katika sehemu ya kuzaliwa kwa Venus alitambua kwamba ndani ya mchoro ule upepo na maji vinasukuma kila kitu kuelekea ufukweni, akaandika wimbi moja linaloendelea chini ya yote, likapanda hadi kilele na kutulia. Mtunzi Bohuslav Martinů alipotunga mwaka 1955 juu ya michoro ya ukutani ya mchoraji Piero della Francesca iliyoko Arezzo, Italia, alikwenda njia iliyo ngumu zaidi, ya kuandika utulivu wa watu wa Piero bila kuusimamisha muziki wenyewe. Watunzi hao wawili hawafanani kwa chochote isipokuwa kwamba kila mmoja alitazama kwanza.

Kwa vijana ninaowafundisha huwa natoa masharti machache, na nayataja hapa kwa kuwa ndiyo utetezi wangu wa vitendo. Wasiandike noti yoyote mpaka waweze kueleza jicho lao lilianzia wapi katika mchoro, likapita wapi na likaishia wapi, kwa maana njia hiyo ya jicho ndiyo umbo la kwanza la kazi. Wajue ukubwa halisi wa mchoro. Guernica ya Pablo Picasso ina upana wa karibu mita 7.8 na kimo cha karibu mita 3.5, na anayeijua kupitia simu tu hajui kwamba mtu akisimama mbele yake hawezi kuiona yote kwa mara moja bila kugeuza kichwa. Jambo hilo peke yake linabadilisha urefu wa kazi na idadi ya sauti zinazopaswa kusikika kwa pamoja. Habari ya Rachmaninoff na nakala yake isiyo na rangi inaonyesha kwamba nakala nayo inaweza kuzaa muziki mkubwa, lakini mtunzi ajue kuwa anatunga juu ya nakala. Mwisho, wakimaliza, waupige muziki wao kwa mtu asiyejua jina la mchoro. Ikiwa mtu huyo hana cha kushika, kazi irudi mezani, hata kama jina lake ni zuri kiasi gani.

Sharti hilo la mwisho haliwazuii kulitaja jina la mchoro. Najua Rachmaninoff mwenyewe, katika vipande vyake vya piano alivyoviita michoro, aliona si vizuri mtunzi kufichua mno picha zilizomwongoza, akataka kila msikilizaji ajichoree zake. Na ni mwaka 1930 tu, Respighi alipokuwa akiviandikia okestra baadhi yake, ndipo alipomdokezea machache. Namheshimu kwa hilo, ila pale mchoraji anapojulikana nafikiri deni litajwe. Mtunzi aliyekaa muda mrefu na kazi ya mwingine na kupata humo umbo, mwendo na rangi ya sauti, hana sababu ya kumficha.

Kuna desturi moja inayoenea ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayoipa nguvu hoja ya mwandishi wenu. Siku hizi kazi hizi zinapopigwa, mchoro huoneshwa kwenye skrini kubwa nyuma ya okestra tangu mwanzo hadi mwisho. Waandaaji wanafanya hivyo kwa nia njema, wakidhani wanamsaidia msikilizaji, lakini jicho hushika usukani na sikio hubaki likithibitisha tu: hapa ni farasi, hapa ni mawingu, hapa ni upanga. Muziki ulioandikwa ili kuendelea pale mchoro uliposimama unageuzwa kuwa maelezo ya pembeni, na msikilizaji anatoka akiwa na swali moja tu, kama vimefanana au havikufanana. Mchoro uoneshwe kabla, kwa utulivu na kwa muda wa kutosha, kisha taa zizimwe na skrini izimwe. Atakayetaka kurudi kuutazama baada ya kusikiliza atauona kwa namna nyingine.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mnapotoa habari za kazi kama hizi, chapisheni jina la mchoraji, mwaka wa mchoro, mahali ulipo na vipimo vyake, kama mnavyotaja jina la kiongozi wa okestra. Na mwandishi wenu wa utamaduni, ambaye kalamu yake naiheshimu, asikilize kazi moja kati ya nilizozitaja bila picha mbele yake, kisha atuandikie alichosikia. Ningeanza na sehemu ya tatu ya Hindemith.

Wako katika sanaa,

Mwalimu wa utunzi wa muziki